Miezi Sita ya Mwanzo

Siku nesi Euphrasia alipofika zahanati, Zipora alikuwa amekaa kwenye benchi la barazani tangu asubuhi, macho wazi, akiota. Hakuwa amelala. Katika miaka yake ya kulea alikuwa amejifunza usingizi wa mama mwenye mtoto mgonjwa, ambamo mwili unakaa wima, mkono unaendelea kupepea, mdomo unaitikia salamu, na huku nafsi imeshatoka kidogo kwenda kupumzika kando ya njia. Katika usingizi huo kila kitu kilikuwa laini. Wanawake wa foleni walikuwa kama wamechorwa kwa majivu. Vumbi la barabara ya mgodini lilining'inia hewani likimetameta, na pikipiki zilipita mbali bila sauti. Mapajani mwake Enock, mwanawe wa miaka mitatu, alikuwa wa moto kama chungu kilichoipuliwa sasa hivi. Sikio lake la kushoto lilikuwa linatoa usaha. La kulia lilikuwa limetoa wiki iliyopita.

"Mama Lusia," mtu akaita.

Zipora akarudi. Aliyeita hakuwa tabibu aliyemzoea, yule ambaye siku hizi alimwandikia dawa kabla hajakaa vizuri. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye miwani, daftari kubwa kwapani, na viatu vyeupe vilivyogeuzwa vyekundu na barabara.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Naitwa Euphrasia. Natoka Shinyanga mjini, nafanya kazi na madaktari wanaochunguza watoto wanaougua, wakapona, wakaugua tena. Tabibu amenitajia jina lako." Akaketi pale pale kwenye benchi, bega kwa bega. "Umezaa mara ngapi?"

"Mara nne."

"Wapo wangapi?"

"Wawili."

Maswali hayo Zipora aliyajua. Kila alikokwenda aliulizwa, na kila mara, baada ya jibu la pili, muulizaji alishusha macho na kukimbilia mambo ya uzito na joto. Euphrasia hakukimbia. Aliweka kalamu juu ya daftari.

"Waliofariki waliitwa nani?"

Ilikuwa imepita muda mrefu tangu mtu amtake ayataje majina hayo. Aliyatoa polepole, kama anayetoa vyombo vya udongo kwenye sanduku. "Boaz. Alikuwa na mwaka mmoja na miezi miwili. Kifua. Halafu Mihayo, huyo alikuwa anakaribia miaka miwili. Walisema ni homa ya uti wa mgongo."

"Walipozaliwa walikuwaje?"

"Wazuri."

"Wazuri mpaka lini?"

Hilo hakuwahi kuulizwa. Alifumba macho ili aone vizuri, na wakaja wote wawili, wanono, wenye mikunjo ya mapaja, wakicheka bila meno. "Mpaka wanapoanza kukaa," akasema. "Miezi sita. Saba. Hapo kinaanza kikohozi, kisha masikio, kisha hatutoki tena hospitali."

"Na huyu?"

"Huyu hivyo hivyo."

"Na dada yao?"

"Lusia ana miaka tisa. Hajawahi kulazwa."

Euphrasia akaandika, na Zipora akaona kwamba mkono wake ulikuwa umeanza kwenda haraka. Kisha akatoa tochi ndogo mfukoni. "Fungua mdomo, baba. Sema aaa." Enock alifungua mdomo kwa utiifu wa mtoto aliyeshikwashikwa na wauguzi tangu alipoota jino la kwanza. Nesi akatazama kwa muda mrefu. Akamwita tabibu naye atazame.

"Unaona mafindo?"

"Sioni," tabibu akasema.

"Mimi pia sioni. Mtoto anayeugua koo na masikio namna hii, mafindo yangekuwa yamejaa kooni kama karanga mbili."

Zipora akashtuka. "Hatujamkata kitu," alisema, maana wapo waliowapeleka watoto wao kukatwa kimeo wakidhani ndicho kinacholeta kikohozi. "Wengine walitushauri, mimi nikakataa."

"Ulifanya vizuri kukataa. Kimeo chake kipo. Ni mafindo ambayo hayajawahi kuota." Akazima tochi. "Mama Lusia, naomba nichukue damu yake. Na yako. Lakini kwanza zungumza na baba yake, msije mkasema nimewaharakisha."

Pantaleo, mume wa Zipora, alikuwa mchimbaji mdogo. Duara lao, yaani shimo wanaloshuka kufuata mwamba wenye dhahabu, lilikuwa mwendo wa nusu saa kutoka nyumbani, upande huu wa mgodi mkubwa wa Bulyanhulu. Zipora alimkuta amekaa juu ya kiroba, ndiyo kwanza amepanda juu, mweupe kwa unga wa mawe hadi kwenye kope. Nyuma yake karasha lilikuwa linasaga mawe, na sauti ile ilifanya maneno yote yasikike kama yanatoka chini ya maji.

Alimsikiliza hadi mwisho. Alikuwa mtu wa kusikiliza. Huko chini ardhini, alisema, asiyesikiliza mwamba hapandi tena.

"Damu yake wameshachukua mara ngapi?" akauliza.

"Sikumbuki."

"Na watu wanasemaje kuhusu hao wa utafiti?"

"Wanasema wanaiuza."

Pantaleo alijifuta uso, na pale alipofuta pakabaki mstari mweusi wa ngozi. "Huyo nesi amekuuliza majina ya watoto?"

"Ameniuliza."

"Basi wachukue. Ila wakishachukua warudi na jibu. Hata kama ni baya. Mimi nimechoka kuzika mtoto bila jibu."

Damu ikaenda. Ilikwenda ndani ya boksi la barafu lililofungwa nyuma ya pikipiki, na Zipora aliitazama mpaka vumbi likaifunika. Halafu wakaanza kungoja. Ilikuwa Mei. Pamba ilikuwa inapasuka mashambani, na upepo wa mchana uliokota nyuzi zake ukazitawanya juu ya miiba, juu ya mapaa, juu ya migongo ya ng'ombe, hata ikawa kama nchi nzima imeota mvi. Enock alipata nafuu, akaugua, akapata nafuu. Katika mapumziko hayo mafupi alicheza na dada yake mlangoni. Zipora aliyakusanya mapumziko hayo moja moja, akayaweka ndani yake, bila kuthubutu kuyafurahia sana.

Wiki ya saba simu ikaja. Waende Shinyanga, wote watatu.

Daktari aliyewapokea aliitwa Donatus, kijana mrefu mwenye sauti ya chini, anayezungumza kama mtu aliye karibu na kitanda cha aliyelala. Chumba kilikuwa kidogo. Dirishani mwarobaini ulitikisa majani, na vivuli vyake vilitembea ukutani, juu ya meza, juu ya mikono yao. Euphrasia alikuwepo. Enock, aliyekuwa amelazwa asubuhi hiyo kwa ajili ya sikio, alikaa mapajani mwa baba yake.

"Mlitaka jibu," Daktari Donatus alisema. "Lipo. Nitalisema polepole, na mkiona nimekwenda mbio mnisimamishe."

Akageukia Zipora.

"Mtoto akiwa tumboni, mama humpa kinga. Ugonjwa wowote uliowahi kuugua ukapona, damu yako inaukumbuka, na kumbukumbu hiyo inapita kwenye kondo la nyuma na kuingia kwa mtoto. Anazaliwa nayo. Lakini ni ya kuazima tu. Inakaa miezi mitano, sita, kisha inaisha. Kwa watoto wengi, wakati inaisha, mwili wao umeshaanza kutengeneza kinga zake wenyewe. Mwili wa Enock hautengenezi. Tumepima mara mbili hapa, halafu tukapeleka maabara kubwa zaidi. Zile chembe za damu zinazofanya kazi hiyo, kwake hazipo."

Vivuli vilitembea.

"Kwa hiyo ile miezi sita," Zipora alisema mwishowe, "alikuwa anaishi kwa zangu."

"Ndiyo."

"Na Boaz. Na Mihayo."

"Sina damu yao, siwezi kuapa. Lakini naamini ni hivyo."

Zipora aliitazama mikono yake. Kwa miaka mingi alikuwa ameitazama hiyo miezi sita kama mtego, kama kitu kinachokuja kucheka na mama ili baadaye kimlize. Sasa iligeuka mbele yake polepole, kama mtu anavyogeuka usingizini, na upande wa pili ulikuwa na sura yake yeye mwenyewe. Malaria zake za utotoni, surua yake, vikohozi vya kila kiangazi, vyote vilikuwa vimeingia kwa wanawe na kusimama mlangoni kwa miezi sita, mpaka nguvu zikaisha. Hakulia. Alihisi kama amelala kwenye maji ya vuguvugu.

"Anaweza kupona?" Pantaleo akauliza.

"Kupona kwa maana ya mwili wake kuanza kutengeneza, hapana. Kuishi vizuri, inawezekana. Tutampa kinga za watu wengine kwa dripu, kila mwezi. Utafiti huu una dawa hiyo kwa miaka miwili. Baada ya hapo sijui. Sitawadanganya, hiyo dawa haipatikani kirahisi nchini. Tunaandika tunachokiona kwa watoto kama huyu ili tuwe na cha kuwaonyesha wanaopanga mambo ya dawa."

"Miaka miwili," Pantaleo alirudia. Alikuwa amemshika mtoto kwa mikono yote miwili.

Ndipo Euphrasia alipofungua karatasi kubwa. Alichora mraba mdogo, akaandika Enock. Pembeni miraba miwili, akaipiga mstari: Boaz, Mihayo. Kisha akachora duara la Lusia. "Mraba ni mwanaume, duara ni mwanamke," akaeleza.

"Kwetu duara ni shimo," Pantaleo akasema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo mdomo wake ukalegea kidogo.

Euphrasia akatabasamu, akapandisha mstari juu. "Kasoro hii husafiri kwa wanawake bila kuwagusa. Binti anaweza kuibeba maisha yake yote asijue. Akimpa mtoto wa kiume, huyo ndiye anayeugua. Hakuna aliyefanya kosa. Hakuna aliyekula kitu, wala kuvunja mwiko. Inakuja kama inavyokuja rangi ya macho." Kalamu yake ikasimama juu ya duara jipya, tupu. "Mama Lusia, tungependa kujua ilikotoka, maana huenda kuna mtoto mwingine katika ukoo anayeugua sasa hivi na hakuna anayejua. Mama yako yupo hai?"

Pantaleo akatazama dirishani.

"Yupo," Zipora akasema.

Mama yake, Sesilia, alikuwa Ushirombo, na ilikuwa imepita miaka minne tangu wazungumze.

Ilitokea kwenye msiba wa Mihayo. Sesilia alikuwa amekuja kuwatembelea siku chache kabla, akambeba mjukuu, akamwimbia, na baada ya siku tatu mtoto akafa. Na Boaz alipokufa, alikuwa amemshika wiki ile ile. Shangazi za Pantaleo walilitazama hilo, wakataja uchawi jikoni kwa sauti ambazo zilishuka Zipora alipoingia. Yeye alisikia. Siku ya tatu ya matanga, nyuma ya jiko, akamwambia mama yake: "Mama, naomba usije tena kwangu." Alitegemea Sesilia angeuliza kwa nini. Angelia, angekasirika, angemwita mtoto asiye na haya. Sesilia hakuuliza. Aliinama, akachukua kitenge chake kwenye kamba, akaenda barabarani. Na huko kutouliza ndiko kulikomfanya Zipora aamini.

Sasa alikaa kwenye basi la kutoka Kahama, dirisha wazi, na nchi ikapita kama inayokumbukwa: mawe makubwa yaliyopandana, majaruba ya mpunga yaliyokauka, ng'ombe wakitembea katika wingu lao la vumbi. Enock alibaki wodini na baba yake, mwanaume pekee kati ya akina mama. Zipora alijaribu kupanga maneno. Kila alipoyapanga basi liliyatikisa yakamwagika, na alipofika alikuwa mikono mitupu.

Alimkuta mama yake nyuma ya nyumba, juu ya jiwe pana, anaanika michembe. Vipande vya viazi vitamu vilifunika jiwe lote, vyeupe, kama vile jiwe limeota magamba. Sesilia alikuwa amepungua. Mgongo wake ulikuwa umeinama namna Zipora asiyoijua.

"Shikamoo mama."

Mikono ya Sesilia ilisimama. Hakugeuka. "Marahaba. Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa."

"Basi karibu."

Kulikuwa na kisu cha pili kwenye sufuria ya viazi. Zipora alivua viatu, akapanda juu ya jiwe lenye joto, akaketi, akaanza kukata. Walikata kwa muda, jua likiwa mgongoni, na mahali fulani upande wa misheni kengele ililia ikanyamaza.

"Mama," Zipora akasema, "kabla yangu ulizaa?"

Kisu cha Sesilia kiliendelea hadi mwisho wa kiazi. "Nani amekuambia?"

"Hakuna. Daktari ameuliza."

"Daktari anauliza hayo?" Alitandaza vipande vya kiazi kile juu ya jiwe. "Watatu. Wote wa kiume."

Upepo ulipita juu ya jiwe, na vipande vyepesi vikasogea kama vinavyosikiliza.

"Wa kwanza Ndaki, jina la babu yako. Alikuwa mnene, mwanangu, watu walikuwa wanapokezana kumbeba. Halafu akaanza kifua. Wa pili Nasibu, baba yako ndiye aliyempa hilo, akitafuta bahati. Wa tatu hakuwahi kufika kanisani kubatizwa. Baada ya huyo baba yako akanihamisha kule kwetu akanileta huku, mahali ambapo hakuna aliyetujua. Ukazaliwa wewe. Nikahesabu miezi. Wa sita ukapita. Wa saba. Mwaka. Nikasema, basi, kitu hiki kimeniacha."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Kwamba kuna kitu kinatembea na mimi? Nilidhani nikinyamaza hakitaijua njia ya kwako. Halafu Boaz akaanza kukohoa, na mimi nilikuwa nimembeba." Alichukua kiazi kingine, akakishika tu. "Siku ile uliponiambia nisije, niliona kwamba umejua. Nilikaa pale barabarani nangoja gari, nikamshukuru Mungu. Nikasema labda sasa, nikikaa mbali, atapata mtoto mwingine wa kudumu."

Zipora aliweka kisu chini. Kulikuwa na sauti masikioni mwake kama ya karasha la mbali. Miaka minne alikuwa amefikiri ule ukimya wa mama yake ni ukiri, na kweli ulikuwa ukiri, wa kosa ambalo halikuwepo.

Alianza kueleza. Hakueleza kwa mpangilio. Alianzia kwenye mafindo yasiyoota, akaruka kwenye miraba na maduara, akarudi kwenye damu inayokumbuka. Alipofika kwenye miezi sita, alikwenda taratibu. "Ule unono, mama. Ule uzuri wa mwanzo. Zilikuwa kinga zetu. Wewe uliwapa zako, zikawalinda mpaka zikaisha. Mimi vivyo hivyo. Hatukuwaletea kitu. Tuliwapa tulichokuwa nacho."

Sesilia alisikiliza kichwa kikiwa upande, kama mtu anayesikiliza redio yenye mkwaruzo. Kisha akasimama, akatembea hadi ukingo wa jiwe, akakaa huko amempa mgongo, kwa muda ambao kivuli cha nyumba kilipanda jiwe na kuanza kula michembe. Mabega yake yalitikisika mara moja, mbili, yakatulia.

Zipora alimfuata. "Mama, nilikosea."

"Ulikosea," Sesilia alisema. Hakusema kwa ukali. "Miaka minne ni mingi. Lusia simjui sura yake ya sasa. Sitakuambia kwamba si kitu."

"Ndiyo, mama."

"Huyo mdogo anaitwa nani?"

"Enock."

"Enock," Sesilia alirudia, akilijaribu mdomoni. Baadaye, walipokuwa wanakusanya michembe kwenye ungo kabla ya umande, alisema kama anayezungumza na ungo: "Binti wa mdogo wangu, kule Masumbwe, ana mtoto wa kiume. Masikio yake hayakauki. Nitakwenda kwao mwenyewe. Mimi watanisikiliza."

Na alikwenda. Lakini kwanza alikwenda Shinyanga.

Alitoa mkono wake, Euphrasia akachukua damu, kisha akamtaka ataje wanawe, mmoja mmoja, na kuwaandika kwenye karatasi ile kubwa. Kwa wa tatu alikaa akitazama kalamu. "Mwandike Filipo," alisema. "Ndilo tulilokuwa tumelitaka." Miraba mitatu ikakaa juu ya miraba mingine, na ukoo ambao Zipora aliudhani mfupi ukaonekana na watu wengi ndani yake.

Mchana huo Enock aliwekewa dripu ya kwanza. Chupa ilikuwa ndogo kuliko walivyotegemea, na kilichokuwa ndani kilikuwa angavu, karibu hakina rangi, kama maji yaliyoguswa na asali. Euphrasia alikaa kando ya kitanda akipima joto na mapigo kila baada ya muda mfupi, kwa sababu mwili mwingine huikataa. Mwili wa Enock haukukataa. Mtoto alilitazama tone likitungika, likianguka, likitungika, mpaka kope zake zikawa nzito.

"Imetengenezwa kwa nini?" Sesilia akauliza.

"Kwa damu ya watu, mama," Euphrasia akajibu. "Wanaochangia. Wanaichuja wakatoa kinga peke yake. Chupa moja kama hiyo ina watu maelfu ndani yake."

"Maelfu?"

"Maelfu."

"Wa wapi?"

"Wa nchi za mbali. Hatutawajua."

Sesilia aliisogelea chupa, akainua uso kama anayemtazama mgeni mlangoni. "Wabeja," akaiambia kwa Kisukuma, akishukuru. Wanawake wa vitanda vya jirani waligeuka kumtazama. Hakujali.

Zipora aliegemeza kichwa kwenye chuma cha kitanda. Joto la saa nane lilikuwa limejaa wodi. Mapazia yalivuta pumzi ndani na nje. Akawaona, wale maelfu. Walikuwa wanakuja kwa mstari mmoja kwenye uwanda mpana, kila mmoja na surua yake aliyoishinda, kikohozi chake, homa yake ya utotoni iliyomweka mama yake macho. Walikuwa wa rangi zote na hawakuzungumza. Walifika mlangoni pa mtoto, wakavua viatu, wakaingia mmoja mmoja bila kusukumana, na kila aliyeingia aliketi mahali pake. Mlango ulikuwa mdogo na mstari haukuisha. Mbele yao wote, karibu kabisa na kizingiti, walikaa wanawake wawili waliokuwa wamechoka, na wale wageni walipopita waliwagusa begani.

Alipofumbua macho, chupa ilikuwa tupu na Pantaleo alikuwa amesimama dirishani, amembeba Enock, anamwonyesha kitu nje.

Dripu ya pili ilikuwa Agosti, ya tatu Septemba. Mtoto wa Masumbwe alipatikana, akapimwa, naye akaonekana ni kama Enock. Bibi Sesilia mwenyewe alimpakata kwenye basi. Kuhusu Lusia, Daktari Donatus aliwaambia kwamba anaweza kuwa mbebaji au asiwe, na kwamba ni vizuri kungoja akue, aelezwe, aamue mwenyewe kama anataka kujua. Zipora aliliwaza hilo mara nyingi akimsuka nywele. Aliamua kwamba siku ikifika atamwambia yeye, kwa mdomo wake, juu ya jiwe au jikoni au popote, na hataacha jina lolote nje.

Sikio la Enock lilikauka. Zipora alilikagua kila asubuhi kwa miezi miwili kabla ya kuamini.

Kisha Novemba mvua zikaanza, na pamoja nazo vikohozi. Nyumba hadi nyumba watoto walikohoa. Siku moja jioni Enock naye akakohoa. Zipora alitoa begi la hospitali, akakunja kanga mbili, akaweka kikombe, akaweka kadi. Sesilia, aliyekuwa amekuja kukaa nao msimu wa kupanda, alimtazama akifunga zipu. Pantaleo hakwenda kazini siku iliyofuata. Walikaa wote watatu kumzunguka mtoto, wakingoja kifua kianze kuvuta kwa ndani, kama wanavyongoja watu wanaoijua njia na kona zake. Wakampigia Euphrasia. Alisema waangalie pumzi, wampe maji, na akipanda joto wasingoje.

Joto lilipanda kidogo, likashuka. Siku ya pili makamasi. Siku ya tatu alilala sana.

Asubuhi ya siku ya nne Zipora aliingia na uji akakuta mkeka mtupu. Alitoka nje, kikombe mkononi. Mvua kubwa ilikuwa imenyesha na kukatika, na ardhi yote ilikuwa inatoa kumbikumbi. Walikuwa wanapanda kutoka kwenye kila tundu, maelfu kwa maelfu, mabawa yao yakishika jua hadi hewa yenyewe ikawa kama inatetemeka kwa dhahabu nyepesi. Watoto wote wa kitongoji walikuwa humo ndani wakiruka na mabakuli, na Lusia kati yao. Enock alikuwa amesimama kwenye tope hadi vifundoni, bila shati, pua inatiririka, mikono juu. Alikohoa. Kilikuwa kikohozi cha kawaida, cha mtoto yeyote. Akakamata mmoja, akamweka mdomoni akiwa hai na mabawa yake, akatafuna.

Pantaleo alikuwa amekuja nyuma yake bila viatu. "Nimwite?" akauliza.

"Subiri," Zipora akasema.

Alisimama na kikombe cha uji kinachopoa, akatazama. Jikoni Sesilia alikuwa ameshaweka kikaango motoni na anaita kwamba waleteni hao kumbikumbi, mafuta yameshachemka.